Siku kumi Havana, nyumbani kwa Mwalimu

Ukitaka kuzijua adabu za Wacuba usianze na majumba ya makumbusho wala fuo za bahari. Anza na foleni.

Asubuhi yangu ya kwanza Havana nilitumwa mkate. Nilipofika kwenye duka sikuona mstari wowote. Watu kama thelathini hivi walikuwa wametawanyika, huyu kaketi chini ya mti, yule kaegemea ukuta, wengine wanazungumza ng'ambo ya barabara. Nami, Mkenya niliyezoea kupanga mstari wa basi pale mjini, nikajongea moja kwa moja hadi dirishani. Mara sauti zikapaa! Hazikuwa za matusi, zilikuwa za mshangao, kama za watu walioona mgeni akiingia msikitini na viatu. Mama mmoja akanishika mkono na kunifundisha neno ambalo nililitumia kila siku tangu hapo: "el último", yaani wa mwisho.

Utaratibu wenyewe ni huu. Ukifika mahali pa foleni unauliza kwa sauti ni nani wa mwisho. Mmoja atainua mkono. Kuanzia hapo wewe ndiwe wa mwisho, hadi atakapokuja mwingine aulize nawe uinue mkono. Aliye mwerevu humuuliza pia yule wa mbele yake anamfuata nani, maana mtu huweza kuchoka akaenda zake na kuivunja kamba. Ukishajua nafasi yako unaweza kwenda kuketi kivulini, kunyonyesha mtoto, hata kuingia foleni nyingine ya pili. Hakuna askari wala kibao cha namba. Watu huishika orodha kichwani kwa saa nne, na ole wake atakayejaribu kuidanganya.

Safari hii niliifanya Oktoba 2024. Chanzo chake ni rafiki yangu daktari, mmoja wa wale takriban 50 waliotumwa na serikali yetu mwaka 2018 kwenda kusomea udaktari wa jamii nchini Cuba, wakati madaktari kama 100 wa huko walipokuja kuhudumu katika kaunti zetu. Aliporudi hakuwa na hadithi nyingine ila za Cuba. Alinifundisha Kihispania cha kuombea maji, akanipa anwani ya mama mmoja wa Centro Habana, mwendo wa dakika tano kutoka baharini, akasema, "Huyo ukimpata, umeiona Cuba."

Mama huyo ana kibandiko cha buluu chenye umbo la nanga mlangoni. Hiyo ndiyo alama ya nyumba zenye ruhusa ya kukodishia wageni vyumba, ruhusa iliyotolewa mwaka 1997 baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika na uchumi wa kisiwa kuporomoka nao. Mtaani hakuna amwitaye kwa jina. Kila mtu humwita Maestra, Mwalimu, nami nikafanya vivyo hivyo. Yeye aliniita "mija", binti yangu, tangu dakika ile aliponibusu shavuni. Busu moja, shavu moja. Mgeni kutoka kwetu hubaki kanyoosha mkono hewani.

TAA YA MWAKA 1961

Juu ya kabati la sahani la Mwalimu kuna karabai ya Kichina iliyoingia kutu. Nilidhani ni pambo, kumbe ni cheti. Mwaka 1961, miaka miwili baada ya Fidel Castro na wenzake kuiangusha serikali ya Batista, nchi nzima iliingia katika kampeni ya kufuta ujinga. Shule zilifungwa na vijana wapatao 100,000, wengi wao wakiwa bado watoto, wakatumwa mashambani na milimani kufundisha watu wazima kusoma. Kila mmoja alipewa sare, vitabu, kitanda cha kamba na karabai, kwa kuwa wakulima walikuwa na nafasi usiku tu na umeme haukuwepo. Watu zaidi ya 700,000 walijifunza kusoma mwaka huo. Tarehe 22 Desemba ilipotangazwa kwamba kazi imekwisha, ikageuka Siku ya Walimu hadi leo.

Mwalimu alikuwa na umri wa miaka 13. Alipelekwa milima ya mashariki, kwa familia ambayo haikuwa na choo wala viatu vya kutosha. Mwanafunzi wake mkubwa alikuwa babu wa miaka sitini na kitu. "Siku alipoandika jina lake alilia," aliniambia, "nami nikalia kwa kuwa nilitaka kwenda nyumbani kwa mama." Alifundisha tena miaka 40 mijini, akastaafu.

Sasa tuzungumze juu ya pensheni yake. Nilipokuwa huko, kiwango cha chini cha pensheni kilikuwa peso 1,528 kwa mwezi (kiliongezwa mwaka 2025), na trei moja ya mayai 30 iliuzwa mitaani kama peso 3,000. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili ataifanya. Kuna kadi ya mgao, kijitabu kidogo kinachoitwa "libreta", kilichoanzishwa mwaka 1962. Kwacho kila jamaa hupata mchele, sukari, maharagwe na mafuta kwa bei ya chini mno katika duka la mtaa wake. Lakini bidhaa huchelewa au zisije kabisa, na zikija hazimalizi mwezi. Mkate wa mgao, mmoja kwa kila mtu kwa siku, ulipunguzwa Septemba 2024 kutoka gramu 80 hadi gramu 60. Niliushika mkononi. Ni kama andazi la shilingi kumi, nao ulikuwa umeliwa na foleni ya saa mbili.

Wacuba watakwambia sababu kuu ni vikwazo vya Marekani, vilivyodumu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wengine watakwambia, kwa sauti ya chini, kwamba serikali yao nayo inajua kujikwaa yenyewe. Wapo watakaokwambia yote mawili katika sentensi moja. Ushauri wangu kwa msafiri ni huu: usianzishe wewe mazungumzo ya siasa. Mwache mwenyeji aanze, nawe usikilize.

Hata hivyo chungu hakikosi kitu. Wali na maharagwe meusi yaliyopikwa pamoja ndio ugali wao, na hapo kando utapata muhogo uliomwagiwa kitunguu saumu na maji ya ndimu, au ndizi mbichi zilizokaangwa, zikapondwa, zikakaangwa tena. Nguruwe ndiye mnyama wa sherehe, kwa hivyo Mwislamu aulize mapema, hakuna atakayekasirika. Kahawa hunywewa kwa kikombe kidogo kama cha kahawa ya Mombasa, chungu na tamu kwa pamoja. Ile ya mgao huchanganywa na njegere za kukaangwa, nami baada ya siku tatu niliizoea hata nikaikosa nilipopewa halisi.

Jioni kuna mambo yatakayokufanya ujihisi uko nyumbani. Mzee hupita akiimba bei ya njugu karanga zake alizofunga katika vijikaratasi vyembamba vyenye ncha, kama zile za kwetu. Wimbo wa muuza njugu kama huyo ndio ulioigwa katika "El Manisero" wa Moisés Simons, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1930 ulisambaa dunia nzima. Sahani za santuri za Cuba ziliuzwa Afrika, zikafika Leopoldville, vijana wa huko wakazisikia na kutambua ngoma za babu zao waliochukuliwa utumwani. Wakaziiga kwa gita. Hivyo ile rumba ya Kongo ambayo wazazi wetu waliicheza Nairobi ilivuka bahari mara mbili kabla ya kutufikia. UNESCO iliitambua rumba ya Cuba mwaka 2016, na ya Kongo mwaka 2021.

WAKENYA WAULIZWA

Chini ya dirisha la Mwalimu kuna meza ya domino. Wanaume wanne huketi hapo kuanzia alasiri, fulana mabegani, wakibamiza vipande vya mchezo mezani kama wanaoua mbu. (Havana hucheza kwa vipande 55, hadi tisa-tisa. Huko Santiago mashariki huishia sita-sita, na kila upande huona mwenzake hajui mchezo.) Mkubwa wao ni mzee aliyepigana Angola. Wacuba zaidi ya laki tatu walipitia huko kati ya 1975 na 1991, basi usishangae ukiambiwa "Afrika" na mtu mwenye kovu.

Mzee huyo aliposikia natoka Kenya alitaka kwanza tumalize deni la michezo. Alinikumbusha Alberto Juantorena, aliyeshinda mita 400 na 800 katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Nikamjibu kwamba Montreal sisi hatukushindana, kwani Afrika ilisusia, na Mike Boit wetu alibaki na miguu yake. Akacheka. "Na Seoul 1988," akasema, "sisi hatukwenda, ninyi mkachukua dhahabu ya ndondi." Ni kweli; marehemu Robert Wangila ndiye aliyeichukua, na hadi leo hakuna Mkenya mwingine aliyeipata. Tukakubaliana kwamba hatudaiani.

Kisha akanyamaza, akageuza kipande kimoja cha domino mkononi, akauliza: "Na madaktari wetu wawili?"

Msomaji atakumbuka. Aprili 2019 madaktari wawili wa Cuba walitekwa nyara mjini Mandera wakielekea kazini, na polisi mmoja aliyekuwa akiwalinda akauawa. Walivushwa mpaka hadi Somalia. Februari 2024 Al-Shabaab ilidai kwamba wamekufa katika shambulio la ndege za Marekani, madai ambayo serikali ya Cuba ilikuwa bado haijayathibitisha nilipokuwa pale. Mpango wenyewe wa madaktari Kenya iliusitisha mwaka 2023.

Nilitafuta Kihispania cha kujibu sikukipata, wala Kiswahili chake sikukipata. Nilisema tu kwamba nasikitika. Meza nzima ilinitazama. Sikuona hasira usoni mwao. Walinitazama kama watu wa matanga wanavyomtazama jirani aliyekuja kuchelewa. Mwalimu, aliyekuwa dirishani akisikiliza, aliteremsha kikapu kwa kamba kama afanyavyo akinunua vitunguu. Ndani yake mlikuwa na kikombe cha kahawa, cha kwangu. Mzee akanisogezea kiti. Tangu siku hiyo nilikuwa na mahali mezani, japo katika domino sikuwahi kushinda.

Ni mzee huyo huyo aliyenieleza habari za dini. Utawaona watu barabarani waliovaa nyeupe tupu kuanzia kilemba hadi viatu. Hao ni wale walioingizwa karibuni katika Santería, dini iliyoletwa na watumwa Wayoruba, nao huvaa hivyo kwa mwaka mzima. Zamani walifichia miungu yao nyuma ya watakatifu wa kanisa: Yemayá wa bahari nyuma ya Bikira wa Regla, Ochún wa mito nyuma ya Bikira wa El Cobre. Siku hizi hakuna haja ya kuficha, lakini Mcuba mmoja anaweza kwenda misa asubuhi na kupiga ngoma jioni bila kuona ugomvi wowote. Kuna na dini ya waliotoka Kongo, iitwayo Palo. Mzee alipotamka kwamba chungu chao kitakatifu huitwa "nganga" karibu niruke kitini. Nikamwambia kwetu anayetibu kwa dawa za jadi huitwa mganga. Akaomba nirudie mara tatu, kisha akaenda kumwita jirani aje asikie.

GIZA LA IJUMAA

Ijumaa tarehe 18 Oktoba, kama saa tano asubuhi, feni ilisimama. Hilo halikumshtua mtu, kwani umeme hukatwa kila siku kwa zamu. Ila mchana ukapita na jioni ikaingia, na mji mzima wa watu milioni mbili ukawa mweusi. Kituo kikubwa cha umeme mkoani Matanzas kilikuwa kimezimika na kuangusha gridi ya nchi nzima, kutoka ncha hadi ncha.

Nyumbani kwa Mwalimu balaa ilikuwa na jina jingine. Mjukuu wake alikuwa atimize miaka 15 Jumamosi. Kwa Wacuba umri huo wa msichana ni sherehe kubwa pengine kushinda harusi. Jamaa huweka akiba kwa miaka mingi. Kuna gauni pana la kifalme, au mawili matatu ya kukodi, kuna mpiga picha, kuna keki, na msichana hucheza waltz na baba yake. Huyu baba hakuwa naye. Mama yake alikuwa Uhispania tangu 2022, mmoja wa Wacuba zaidi ya milioni moja waliohama katika miaka hii michache, hata idadi ya watu kisiwani ikashuka chini ya milioni 10. Mama huyo alikuwa akiwafulia wazee wa watu. Gauni, rangi ya zambarau, alilituma kwa mkono wa msafiri. Mpango ulikuwa atazame sherehe yote kwa simu ya video.

Sasa minara ya simu ikazimika nayo. Maji yakakatika kwa kuwa pampu hazina umeme. Nyama iliyokuwa imenunuliwa kipande kipande kwa miezi mitatu ikaanza kutoa maji ndani ya friji. Na Wacuba wengi hupika kwa sufuria za umeme za wali, zile za Kichina walizogawiwa na serikali katika miaka ya 2005 na 2006, hivyo giza kwao ni njaa pia.

Msichana alijifungia chumbani. Mwalimu aliketi jikoni gizani, na kwa mara ya kwanza nikamwona mzee. Aliniambia taratibu nisikose kuelewa: "Mija, nimevumilia mengi. Hili la mtoto silivumilii."

Jumamosi alfajiri tulisikia shoka. Mzee wa Angola alikuwa akipasua mlango wa zamani. Kufikia saa nne majirani walikuwa wameteremsha kila nyama iliyokuwa ikioza mtaani, mapipa yakapasuliwa yakawa majiko, na moshi ukajaa barabara. Nani alipanga mambo hayo sikumwona. Jua lilipozama msichana alitoka na gauni lake la zambarau. Tochi za simu ziliwashwa madirishani, huyu asilimia kumi ya betri, yule asilimia ishirini, wakipokezana zisizime zote kwa pamoja. Jirani mmoja alikuwa na gita, mwingine sanduku la mbao la kupigia ngoma. Waltz alicheza na mzee wa domino, aliyekuwa amevaa nishani zake. Mwalimu aliiteremsha karabai yake akaiweka katikati ya meza ya keki, ingawa haikuwa na kile kisoksi cheupe kinachowaka ndani na hakimpatikani dukani tena. Haikuangaza chochote. Ilikaa pale tu.

Mitaa mingine ya mji usiku ule watu walipiga sufuria kwa hasira kudai umeme. Nasema hili ili msomaji asidhani Havana nzima ilikuwa ikicheza waltz.

Umeme wetu ulirudi Jumatatu usiku. Watu walipiga kelele kama bao limeingia. Nilikuwa nimelala nikasikia purukushani chumba cha pili: msichana alikuwa akivalishwa gauni upya, nywele zikichanwa mbio mbio, Mwalimu akimtafuta mwanawe kwenye simu kabla mtandao haujaanguka tena. Uhispania ilikuwa ni alfajiri. Yule mama alitokea kwenye kioo akiwa amejifunga kitambaa cha kulalia. Msichana akasimama katikati ya sebule, akazunguka mara moja polepole. Hakuna aliyesema neno kwa muda mrefu. Nikarudi kitandani.

KWA ANAYETAKA KWENDA

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi. Utapitia Ulaya, basi hakikisha mapema kama nchi unayopitia inakudai viza. Cuba nayo itakuuliza viza, bima ya matibabu na cheti cha homa ya manjano. Beba fedha taslimu, hasa yuro, kwa sababu kadi za benki za Marekani hazifanyi kazi huko. Ukiwa na nafasi katika sanduku, jaza sabuni, dawa za maumivu, sodo na kalamu. Zawadi hizo huthaminiwa kuliko vinyago. Lete tochi yako.

Magari ya Kimarekani ya miaka ya 1950 utayaona, na utataka kupiga picha. Yale yanayong'aa ni ya watalii. Panda yale yaliyochakaa, yanayofuata njia maalumu na kubeba abiria sita waliobanana, kila mmoja akishuka apendapo. Ni matatu tu, isipokuwa hayana makanga. Jioni nenda Malecón, ukuta wa bahari wa kilomita kama nane, ambao wenyeji hutania kwamba ndio kochi refu kuliko yote duniani. Wavuvi, wapenzi, watoto na walevi wote huketi hapo bila kulipa senti. Na ukipita bustani ya Parque Central ukaona wanaume wamekunjiana ngumi nusura wapigane, usiite polisi. Wanajadili besiboli.

Siku ya kuondoka Mwalimu hakutaka kunisindikiza hadi kwenye teksi. Alisema wamesindikizwa wengi mno kutoka mlango ule. Alinipa karatasi yenye mchoro wa penseli, kile kisoksi cha karabai, na vipimo vyake pembeni kwa mwandiko wa ubaoni, akaniuliza kama Kenya vinapatikana.

Nilivipata River Road, katika duka la vifaa vya zamani, vitatu kwa shilingi mia tatu. Vimo ndani ya bahasha kwenye droo yangu. Nangoja mtu anayekwenda Havana.